Papa, Furaha Amesimamia Kura za Amerika

Papa yangu mpendwa,

Huko uliko hakuna posta, najua. Nakuandikia kwa sababu hapa Guangzhou sina mtu wa kumweleza jambo hili mpaka mwisho, na kwa sababu jambo lenyewe ni lako. Furaha, kitinda mimba wako, amesimamia kura huko Amerika. Na mimi nimemwambia aache.

Lazima nianzie mbali, kama wewe ulivyopenda kuanza.

Unakumbuka asubuhi ile darasa lako la tatu lilipogeuzwa kituo cha kura? Ulitutuma mimi na Furaha tufute ubao na kufagia chaki, ukavaa lile koti la rangi ya udongo, koti la harusi yako na la mazishi ya watu wengine. Mstari ulitoka mlangoni mpaka kisimani. Kabla ya kulifunga sanduku ulilinyanyua kwa mikono miwili, ukaligeuza, ukalitikisa mbele ya mashahidi wa vyama. Sheria ilitaka hivyo tu, na mashahidi walitosheka. Wewe hukutosheka. Ukamwita Mama Nabintu, yule mjane asiyejua kusoma, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari.

"Tia mkono," ukamwambia. "Usiniamini mimi. Amini mkono wako."

Akauzamisha mkono hadi kiwiko, akapapasa pembe zote, kisha akasema, "Mwalimu, humu hamna hata mende." Mstari wote ukacheka, na wewe ukacheka, wewe ambaye darasani hukucheka kamwe.

Jioni ulihesabu ukiinua kila karatasi juu, na watu waliojaa madirishani walilitaja jina pamoja nawe, kama wanafunzi wako walivyotaja silabi. Kila mtu alikwenda kwake akijua nani ameshinda pale. Kisha matokeo yakarudi kutoka mjini yamegeuka. Kwa hesabu yao, kituo chetu kilikuwa kimempa kura yule mwingine.

Sanduku liliondoka kwako limefungwa lakiri, likapakiwa garini. Kilichotokea huko njiani wewe hukijui na mimi sikijui. Lakini gari lile halikuwa na jina kwetu, wala nyumba, wala watoto. Wewe ulikuwa navyo vyote. Basi hasira ikaja nyumbani kwako.

Mama Nabintu alikuja mwenyewe. Ulimtolea kiti, akakataa kukaa. Akasema, "Mwalimu, mkono wangu uliingia nikakuta tupu. Baada ya wangu, uliingia mkono wa nani?"

Ulikirudisha kiti ndani. Toka siku hiyo wazazi walianza kuwahamisha watoto wao darasani mwako. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi hata siku ya Krismasi, watu wamesimama nyuma. Ulipolala kitanda cha mwisho, maneno yako yalikuwa hayo hayo: "Nilihesabu sawa." Sisi tulijua, papa. Kujua kwetu hakukukuponya.

Baadaye vita vikaja. Mama na Furaha wakavuka ziwa kwenda kambini Tanzania, mama akazikwa huko huko, na Furaha akachukuliwa Amerika na watu wa wakimbizi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka na mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi aliyetaka mtu wa mgongo mgumu. Ndio mgongo huu. Natoa marobota ya nguo kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, nayasukuma kwa toroli hadi stoo, na siku ya kontena nayapanga ndani yake mpaka juu kabisa, kisha linapelekwa bandarini Huangpu. Nguo zinafika kwetu. Mimi sijafika. Huku mimi ni mgeni, nyumbani jina langu halimo tena kwenye daftari lolote, kwa hiyo hakuna mahali duniani ambapo kura yangu inangojewa. Nilikuwa nimelizoea hilo.

Ndipo Furaha akanipigia simu. Siku hizi ni raia kule. Anakata kuku kiwandani, analea watoto wawili, anaimba kwaya.

"Yaya," akaniambia, maana bado ananiita hivyo kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa, "jimbo letu linachagua mkuu wa uchaguzi. Yule wa kusimamia kura zote za jimbo. Wanatafuta watu wa kukaa vituoni siku hiyo. Nimejiandikisha."

Nikamuuliza, "Na papa umemsahau?"

"Ni kwa sababu sijamsahau."

Nilimwambia Masanja, Mtanzania wa Mwanza tunayebeba naye. Akasimamisha toroli katikati ya njia.

"Yaani kuna uchaguzi wa kumchagua msimamizi wa uchaguzi?"

"Ndiyo. Wa jimbo zima."

"Na huo uchaguzi wake anausimamia nani?"

"Aliyekalia kiti sasa."

"Na huyo alisimamiwa na nani?"

"Aliyemtangulia."

"Kaka, hapo sasa ni kuku na yai, isipokuwa yai lenyewe lina chama!" Alicheka mpaka laoban, bosi wetu, akatupigia kelele kutoka ghorofa ya juu. Mimi pia nilicheka kidogo. Ungecheka na wewe, labda.

Waliogombea walikuwa wawili, kwa jinsi Furaha alivyonieleza. Mmoja mama mtu mzima, aliyefanya kazi ya kura tangu ujana wake, ana sauti ndogo. Mwingine mwanamume aliyezunguka jimbo lote akisema kura zilizopita ziliibwa, na kwamba watu wanaokaa vituoni wachunguzwe, hasa hawa waliokuja juzi. Furaha alikuja juzi. Nikamsihi abaki nyumbani. Akasema, "Yaya, wakichunguza watakuta nini? Tupu."

Siku yenyewe alivaa gauni la kwaya. Kule sanduku ni mashine, papa. Asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kupiga kura, mashine inatoa ukanda wa karatasi wenye majina ya wagombea, na mbele ya kila jina sufuri. Hiyo ndiyo kusema sanduku ni tupu. Wasimamizi wanatia sahihi, basi. Lakini mtoto wako akauchukua ule ukanda, akaenda nao mlangoni walipopanga mstari, akamwambia mzee mmoja Mzungu aliyekuwa mbele, "Soma mwenyewe, tafadhali." Mzee akavaa miwani, akazisoma sufuri zote kutoka juu hadi chini, polepole, kama anasoma Zaburi. Kisha akasema, "Miaka yote hii, hakuna aliyewahi kunionyesha."

Furaha aliponisimulia hilo alikuwa analia kwa furaha. Nilikuwa stoo, nimekaa juu ya robota, na nilisikia chaki puani mwangu.

Jioni wakafunga, na yeye ndiye aliyepewa kusoma hesabu kwa sauti. Yule mgombea mwanamume alishinda kituoni kwa Furaha, akashinda na jimbo lote. "Nimelisoma jina lake mimi mwenyewe," akaniambia. "Kura zake zote nimezisoma, sikumnyima hata moja."

Nilidhani imekwisha hapo. Mtu wao amepata kiti, wizi watamsingizia nani tena? Lakini mtu mmoja alikuwa amempiga picha pale mlangoni, ameshika ule ukanda, akaitupa ile picha kwenye simu za mtaa wao na maneno: "Nani amempa huyu kura zetu?" Ikazunguka. Kiwandani mwanamke anayekata kuku pembeni yake akamuuliza, "Ulikuwa unawaonyesha nini wale watu?" Akamweleza. Yule mwanamke akasema, "Mh," akahamia meza nyingine. Shuleni mtoto wake mkubwa akaulizwa mama yake analipwa na nani. Na yule mkuu mpya anasema kwenye redio kwamba hata kura zilizomweka yeye zilikuwa na uchafu, ila wafuasi wake walikuwa wengi mno, wezi wakashindwa.

Jana akanipigia tena. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Yaya, wameniuliza kama uchaguzi ujao nitarudi. Mimi nataka kurudi, na naogopa. Sitaamua peke yangu. Wewe ndiye umeshika nafasi ya papa. Niambie."

Nilijua wewe ungesema nini. Ungesema, vaa koti, nenda, mwite aliye mbele, mwambie atie mkono. Hata baada ya yote yale ungesema hivyo, maana ulikuwa hivyo. Lakini mimi nililiona benchi letu kanisani. Niliwaona watoto wa Furaha wakikaa juu yake, wawili tu, na nafasi pande zote.

"Acha," nikamwambia. "Kata kuku wako, imba kwaya, lea watoto. Wahesabu wenyewe."

Nilitaka abishane. Alikuwa anabisha tangu mtoto, unamjua. Nilikuwa nimejitayarisha kushindwa.

Akasema, "Ndiyo, papa." Akakata simu.

Hajawahi kuniita hivyo. Sikumpigia tena kumuuliza.

Leo tulikuwa na kontena. Kabla ya kupakia, wakala wa mizigo hulipiga picha likiwa wazi na tupu, ili mwenye mali aliye mbali aone kwamba hakuna kilichotangulia ndani. Nilikuwa nimeingia mpaka mwisho kabisa kufagia, nikasimama kule gizani nimeshika ufagio. Wakala akanipigia kelele, "We, toka! Picha inatakiwa tupu." Masanja naye, "Kaka, toka, utasafirishwa bure!"

Nikatoka. Akapiga picha. Aliridhika nayo.

Naishia hapa, papa, kesho kuna marobota. Sikuombi unisamehe, na sidhani kama nilikosea. Ni kwamba nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja aliyebaki wa kuonyesha watu sanduku, na nimemkalisha chini mimi. Mama Nabintu akipita hapo ulipo, mtolee kiti tena. Labda safari hii atakaa.

Ni mimi, kifungua mimba wako.