Hakuomba Huruma

Kilifi, Jumatano, 1984

Hasira bado haijanitoka.

Asubuhi askari wawili waliingia shuleni kwetu wakamtoa Mwalimu Opio darasani mbele ya watoto, kisa ni Mganda. Kesho, walisema, atapandishwa gari hadi mpakani. Mpakani! Arudi kwa wanajeshi wale wale waliomuulia nduguye.

Nilimfuata hadi kituoni. Nikamwambia mkubwa wao kwamba Kenya imetia sahihi mkataba wa wakimbizi, na mkataba wakataza kumrudisha mtu kwenye hatari ya kuuawa.

"Mama, mkataba uko Geneva," akanijibu. "Hapa ni Kilifi."

"Basi nifunge na mimi, maana siondoki."

Nikaketi kwenye benchi. Adhuhuri ikapita. Wazazi wa wanafunzi wetu kutoka kijiji cha Tezo waliposikia, wakaja mmoja mmoja kuketi nami, hata mlango ukawa haupitiki. Alasiri ndipo mkubwa alipomtoa Opio, hana viatu, shavu limevimba.

"Haya, nendeni. Nimemhurumia."

Huruma! Kana kwamba ametoa sadaka. Opio hakuomba huruma, kutorudishwa ni haki yake. Na huruma ikimwisha mkubwa huyo je? Akihamishwa, akaja mwingine asiyekuwa nayo?

Lakini kilichonichoma zaidi ni Opio mwenyewe. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Asante sana, afande."

 Njiani nilitaka kumgombeza kwa ile asante, nikaogopa kwamba nikifungua kinywa nitalia.