Boti ya Betri Kaptagat

Kwako Mama mkwe,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka bado unayo? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Sina la zaidi.

Kuna jambo nimekuficha, na ni heri ulisikie kwangu. Nimekuwa nikiingia kwenye boti. Najua ziwa lilimchukua mwanao, na najua kwetu mwanamke hapandi boti ya uvuvi. Lakini Mzee Rono, huyu mwalimu mstaafu ninayempikia hapa mtaani Elgon View, ana shamba Kaptagat lenye bwawa, na daktari alimkataza kuvua peke yake. Akaniuliza, "Mama Brian, wewe si ni wa ziwa?" Nikasema ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Mota yake ni ya stima, inatumia betri kama ya gari. Haina moshi wala kelele. Unazungusha mkono wake kidogo, boti inaenda polepole huku Mzee akivuta ndoano. Siku ya kwanza nilingoja nione kama nitaogopa. Sikuhisi chochote, Mama. Ilikuwa kama kukoroga uji.

Jumamosi iliyopita nyasi za maji zilijifunga kwenye propela. Nikamwambia, "Mzee, kaa, nizime kwanza." Tayari alikuwa ameinama kuzing'oa. Boti ikalala upande, akaingia majini na viatu vyake vya gambuti. Nilizima mota isimkate vidole, nikamshika kola. Hakuweza kupanda. Nikamshikilia kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikapiga kasia mpaka miguu yake ikagusa matope.

Alilia pale ukingoni. Mkewe alikuja mbio na blanketi, naye akalia. Mimi nikaenda kupika chai.

"Hukuogopa?" Mzee akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

Akapokea kikombe cha chai. "Kwenu, nani alichukuliwa na maji?"

"Mume wangu."

"Na mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Akaweka kikombe chini, akasema nisiingie tena majini kwa sababu yake.

Kesho yake, baada ya kanisa, niliingia kwenye boti peke yangu. Nikafika katikati, nikazima mota. Tangu mazishi sijawahi kutaja jina la mwanao, hata kwenye maombi nasema marehemu. Nikasema, "Okoth." Nikangoja. Nikasema tena. Machozi hayakuja. Wewe uliyemzaa, niambie, kulia huanza wapi?

Nimemwambia Mzee nitaendelea kumpeleka.

Nisalimie shemeji yangu fundi wa baiskeli, na shangazi anayekuletea dagaa wa omena, umwambie nimepata ile leso aliyonitumia. Na mwanangu Brian, akiuliza mama yake anafanya kazi gani huku, usimwambie napika. Mwambie naendesha boti.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Akinyi