Ngoma Chini ya Wimbo wa Matanga

Jumanne, 14 Oktoba

Shifti ya asubuhi ghalani, Auburn, hapa Sydney. Mgongo unauma. Kutoka kazini moja kwa moja Guildford, gereji ya kina Yesenia, mazoezi. Marimba ya Wilson imepasuka kibao kimoja, kakifunga kwa uzi, na bado inalia vizuri. Dada yake, Yesenia, anafoka mistari kwa Kihispania, mimi natengeneza biti kwenye laptopu. Wao ni watu weusi wa pwani ya Kolombia, mimi Mtanga. Jukwaani watu wanadhani tumbo moja. Mwaka wa tatu huu.

Nimejipakulia wali wa nazi mwenyewe jikoni. Kwa mama yao, Mama Eufemia, mwana wa nyumba hapakuliwi. Ananiita mijo, yaani mwanangu; Hamadi halitamki.

Leo kanipa simu yake ya zamani. Ndani mna wimbo wa matanga ya mumewe, anauimba yeye na dada zake, miaka sita nyuma. Rekodi ni hiyo moja tu duniani, na jenereta linanguruma juu yake. Anataka kuisikiliza tarehe mbili Novemba, siku yao Wakatoliki ya kuwaombea marehemu. Wimbo wenyewe huitikiwa na wanawake wengi, na hapa Sydney hana wa kumwitikia. Kasema: toa kelele, kingine usiguse. Kihispania changu cha kuokoteza, lakini hilo nimelielewa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jenereta limetoka. Kazi safi, najisifu. Sauti yake ilipobaki tupu, mwili ulinisisimka. Kisha nikaweka ngoma chini yake. Kujaribu tu. Ikakaa. Ikakaa mno!

Uongo. Hata humu nadanganya? Sikujaribu. Nilijua tangu mwanzo kwamba nitaitumia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimewasikilizisha. Wilson kasimama, kashika kichwa. Yesenia kauliza jambo moja tu: Mama anajua? Nikasema nimemwomba, karidhia. Ulimi haukusita. Nikaongeza na la pili: msimtajie kabla, habari hiyo inamliza. Hilo la pili lilitoka wapi, sijui. Yesenia akasema basi, kama mwenyewe karidhia. Akaandika mashairi yake palepale, juu ya boksi la pizza.

Ni wimbo wetu bora kuliko zote. Tutafungia nao Jumamosi, tamasha la mtaani Parramatta.

Jumatano, 22 Oktoba

Mama Eufemia kapiga. Rekodi tayari? Nikamwambia bado kidogo. Iko tayari tangu Alhamisi. Naona haya kumkabidhi. Kasema kaniwekea samaki.

Sikwenda.

Jumamosi, 25 Oktoba

Yamenifika.

Mama Eufemia huwa haji kwenye maonyesho, miguu humvimba. Leo kaja. Gauni jeupe, kiti cha kukunja, safu ya mbele kabisa. Nilimwona tukiwa wimbo wa tatu. Ningeweza kuuruka wimbo wa mwisho, ningesema laptopu imekwama, nani angejua? Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Watu wanapiga miluzi, wanataka zaidi. Nikabonyeza.

Sauti yake ikatoka kwenye spika, na za dada zake, na ngoma yangu chini yao. Watu wakaruka. Yeye hakulia. Aliinuka, akakigeuza kiti kikaelekea barabarani, akakaa. Akatupa mgongo mpaka mwisho. Wilson alimwona, akaacha kupiga. Yesenia alikuwa amefumba macho, anaendelea kufoka.

Na mimi nilimwona. Sikuizima.

Jumapili, 26 Oktoba

Yesenia kapiga simu. Nilijiandaa kutukanwa, na ningefurahi kutukanwa. Hakutukana.

Kanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Kwao mtu mzima akifa huimbiwa kwa sauti tupu. Ngoma ni ya mtoto mdogo aliyekufa, kwa kuwa huyo ni malaika, hata michezo hufanyiwa. Yeye mwenyewe kakulia huku, Mama ndiye kamfahamisha jana. Kwa hiyo mumewe tumemwimbia kama kitoto, mbele ya watu wanaokula soseji. Akasema: lakini Mama hataki tukulaumu. Anasema wewe si wa kwetu, dini yako nyingine, Kihispania chako kidogo, utakuwa ulidhani umeambiwa ndiyo. Ungejuaje?

Nikasema ndiyo. Sikujua. Nisameheni.

Haya, nimesamehewa.

Jumanne, 28 Oktoba

Sikujua! Mimi!

Baba alipofariki Tanga, mwaka juzi, ruhusa kazini sikupata. Nikakaa matanga peke yangu humu ndani, hitima naisikiliza kwa simu. Mturuki wa ghorofa ya juu alikuwa na muziki wake, dum dum dum. Nilipanda ngazi nikamgongea. Nikamwambia nina msiba, na penye msiba ngoma haipigwi. Alizima. Siku tatu nzima alizima, na mkate wa moto akaniletea. Mtu hata jina langu halijui.

Nami nimempigia ngoma mume wa mwanamke anayeniita mwanangu. Ile ngoma ya watoto wao sikuijua, kweli. La msiba nililijua. Na ruhusa sikuomba kabisa.

Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu imerefuka, maana kila nikifika nakuta watu wema wamenitandikia mkeka. Mnafiki mkubwa mimi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Baada ya swala nimepanda treni. Nimebadilisha Granville, karibu nirudi. Nimeshuka Guildford.

Yesenia kazini, Wilson kazini. Afadhali, nimesema mwenyewe na mama yao, bila mkalimani. Nilijua. Kwetu pia ngoma haipigwi msibani. Sikukuomba, niliwadanganya wanao. Mama Eufemia akauliza: basi kwa nini? Nikasema ilipendeza. Hata kwa Kiswahili ningejibu hivyo hivyo.

Aliinuka akaosha sufuria iliyokuwa safi. Akaiosha tena. Mbele yake nikaifuta rekodi ile yenye ngoma, nikaacha simu na ile iliyosafishwa mezani. Nilipotoka alikuwa bado kanipa mgongo.

Jumapili, 2 Novemba

Wilson alinipigia asubuhi: Mama anasema uje saa tisa. Akakata.

Picha ya marehemu mumewe mezani, mshumaa, glasi ya maji. Rekodi ikachezwa kwenye spika ndogo. Dakika kumi na moja, hakuna jenereta, hakuna chochote. Mama Eufemia akaitikia na dada zake. Yesenia akaitikia, kajifunza maneno wiki hii. Wilson naye, chini chini. Mimi nilikaa mikono mapajani. Ni wimbo mrefu ukiusikiliza wote.

Ulipokwisha niliinuka kwenda jikoni kujipakulia, kama siku zote. Mama Eufemia akaniwahi mlangoni.

"Kaa, Hamadi."

Miaka mitatu, sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Nikarudi nikakaa. Akaniletea wali kwenye sinia, kitambaa safi, na kahawa katika kikombe cha maua, kile cha wageni, na kisahani chake. Wenzangu walikuwa jikoni wanagombea ukoko.

Nilikula. Nilimaliza. Nikasema ahsante.