Mkamwana wako na zile sensa nne

Baba,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa bandani, na goti nikalikunja kama ulivyozoea kuniona. Mama, mkeo, amenisikia kutoka uani. Anajua nilikuwa nasema na nani.

Ndege imepita ukaguzi, Baba. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za wajukuu. Lakini nataka nikueleze ilivyokuwa, maana haikuwa rahisi, na pia yapo mambo sikuwahi kukuambia ukiwa hai. Mkamwana angeanzia wapi?

Nilipoolewa hapa Didia nikitokea Rwamgasa, mama yangu aliniusia jambo moja kuliko yote: baba mkwe hakaribiwi. Hukai naye, huli naye, ukimwona anakuja njiani unampisha. Nikashika hivyo. Mume wangu Masanja aliporudi kazini Geita mgodini, nilibaki na Mama jikoni, na wewe nilikufahamu kwa mlio tu. Kila asubuhi, tangu ustaafu kazi yako ya ufundi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, ulikuwa ukigonga mabati bandani. Watu walisema mzee anatengeneza ndege. Nilidhani ni utani.

Siku ile injini ilipokataa kuwaka, mimi nilikuwa napepeta dengu upande wa pili wa ukuta. Nilisikia jinsi inavyokohoa. Kwetu machimboni nililelewa kati ya pampu za kuvuta maji mashimoni. Baba yangu alizitengeneza na mimi ndiye nilikuwa namshikia taa. Nikamwambia Mama, ile injini inavuta hewa mahali. Mama akakuletea maneno yangu. Nikasikia ukikaza kitu kwa spana. Kisha mlio ukatulia, injini ikanguruma vizuri, na Mama akarudi akicheka. Akasema, "Baba yako anauliza kama unaweza kuja kusimama mlangoni."

Mlangoni, ndivyo ulivyosema. Nikasimama mlangoni karibu msimu mzima. Ulikuwa ukiongea ukiitazama injini, nami najibu nikiitazama injini. Ukitaka kunipa spana unaiweka juu ya pipa, unarudi nyuma, ndipo nasogea kuichukua. Majirani walipoanza kunong'ona kwamba mzee wa pale amezoeana na mke wa mwanawe, ulienda mwenyewe kwa wazee wenzako. Sikujua ulichowaambia. Mama amenisimulia juzi tu. Uliwaambia kwamba umepata fundi, na kwamba fundi huyo ameletwa na mwanao kwa njia ya halali ya ng'ombe. Nimecheka, halafu nikalia.

Kisha zikaja sensa, vile vipimo vya joto la moshi wa ekzosi, nne, moja kwa kila silinda. Ulinieleza kazi yake kwa utulivu mkubwa: silinda ikikosa mafuta ya kutosha, moshi wake unakuwa wa moto kupita kiasi, valvu zinaungua, na ukiwa angani huna pembeni ya barabara pa kuegesha. Sensa ndiyo itamwambia rubani mapema. Tukasoma pamoja maelekezo, mimi upande wangu wa injini na wewe upande wako. Shimo la sensa litobolewe kwenye sehemu iliyonyooka ya bomba la moshi. Isikae kwenye kona wala juu ya mshono wa kuchomelea. Ncha ifike katikati ya moshi. Waya uachwe ulegee kidogo ili mtetemo usiukate.

Bomba la tatu ulishalitoboa mwenyewe kabla yangu. Tulipofika bomba la kwanza mikono yako ilikuwa imeanza kutetemeka. Moyo ulikuwa umechoka, ingawa ulituambia ni baridi ya asubuhi. Ulijaribu kuishika drili, ncha ikateleza juu ya chuma. Ukajaribu tena. Mimi nilikuwa natazama chini. Halafu ukazunguka injini, ukaja upande wangu, ukaniwekea drili mkononi. Hukuiweka juu ya pipa. Ukalishika bomba kwa mikono miwili, ukasema, "Toboa, Mama Kulwa. Mimi nashika."

Baba, sijui kama ulijua ulinipa nini siku ile. Nilitoboa mashimo matatu huku vichwa vyetu vikikaribia kugusana, na hakuna kilichoharibika duniani.

Ulifariki mvua za kwanza zilipoanza. Tulikuzika vizuri, watu walijaa hadi barabarani. Matanga yalipoanuliwa familia ikakaa kikao, na shemeji Luhende akashauri injini iuzwe kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mabawa yakawe mabati ya banda la kuku. Simlaumu. Yeye aliona chombo ambacho hakina mwenyewe. Mama akasema tusubiri mkaguzi aje, kwa sababu ulishamwomba na alishakubali. Akikataa, basi iuzwe. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na wanawake.

Kabla ya mkaguzi kufika tukaiwasha. Luhende mwenyewe alikuja kusaidia kufunga kamba za magurudumu. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zikapanda joto pamoja, zikatulia. Ya tatu ikaendelea kupanda. Nikazima. Tukaiacha ipoe, tukawasha tena, ikawa vilevile. Luhende akaniambia kwa upole kwamba injini ilikuwa imechoka tangu zamani, na kwamba nimejitahidi. Maneno yale ya upole yaliniuma kuliko kama angenikaripia.

Nikaomba siku moja. Nikabadilisha sensa, ya pili nikaipeleka kwenye bomba la tatu, ya tatu nikaileta la pili. Joto likabaki bomba la tatu. Kwa hiyo sensa ilikuwa nzima. Nikafungua plagi ya silinda ya tatu nikaiweka karibu na zile nyingine. Rangi ilikuwa moja, ya kahawia safi kama zote. Silinda iliyoungua haina plagi ya namna hiyo. Nikakaa chini nikiwa sielewi, mpaka nikachukua futi kamba na kupima kila shimo, kutoka kichwa cha silinda hadi kwenye sensa. Matatu niliyotoboa mimi yalikuwa sawasawa. Lako lilikuwa karibu zaidi na silinda, kwa upana wa vidole viwili. Moshi pale bado haujapoa hata kidogo. Injini haikuwa mgonjwa. Sensa yako ilikuwa imekaa karibu mno na moto, basi.

Ulikosea, Baba! Nilicheka peke yangu bandani, kicheko cha kwanza tangu tukuzike. Nilijisikia kana kwamba umeniachia kazi ndogo ya kufanya ili nisikae bure.

Tukaliziba shimo lako kwa kuchomelea. Nilipotaka kutoboa jipya nilihitaji mtu wa kushika bomba, na Mama, ambaye miaka yote hakuwahi kuvuka kizingiti cha banda lako, akaingia, akafunga kanga kiunoni, akashika. Alishika kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe.

Mkaguzi alikuja na maswali mengi. Aliuliza nani alifunga sensa. Luhende ndiye aliyejibu, akasema, "Ni shemeji yangu, fundi wa baba." Tukawasha. Namba zote nne zikapanda pamoja na kutulia pamoja, na mkaguzi akasimama kuzitazama kwa muda mrefu bila kuandika. Mwishowe akaruhusu itembee ardhini. Rubani mwenye leseni atakuja kuijaribu angani tukishamaliza kuvuna dengu na uwanja ukawa wazi.

Nashukuru, Baba. Kwa kunisimamisha mlangoni kwanza, ukanipa muda wa kuzoea. Na kwa kuzunguka injini.

Kulwa na Doto wanakua, na siku moja wataniletea wakamwana. Nakuahidi hili: anayependa jikoni atanikuta jikoni. Na nikimsikia mmoja wao anauliza kitu kutoka upande wa pili wa ukuta, nitatoka mwenyewe nikamwite.

Lala salama, Baba. Wabeja, ahsante sana.

Mkamwana wako,
Mama Kulwa