Nichague Ugonjwa Gani wa Kunirudisha Jibondo?

Mzee Shamte, shikamoo. Naomba unisaidie katika safu yako ya gazeti kabla sijamwendea daktari wa huku, maana mimi ni kijana wa kisiwa cha Jibondo, nina miaka thelathini na moja, serikali imenileta Ujerumani Mashariki kusomea shahada ya pili ya uundaji wa meli, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa cha daraja la tatu, na shahada ya kwanza niliponea chupuchupu, lakini walinichukua kwa kuwa baba yangu, fundi Marijani, anaunda majahazi na mimi nimekulia kwenye vumbi la mbao, sasa mtihani wa hesabu nimeufeli mara mbili, kwa sababu swali likiuliza chombo kikipakiwa hivi kitalalia upande gani mimi nakiona kwa macho, naandika jibu, na jibu ni sahihi, lakini profesa ananipa sifuri eti sikuonyesha njia, na sasa ameniambia nikae mwaka mzima na watoto wa mwaka wa kwanza nijifunze hesabu upya kisha nijaribu mara ya mwisho, nao wananiita Babu, na nyumbani mama yangu Bimkubwa ameshasomesha maulidi ya kushukuru kufaulu kwangu kwa kuwa nilimwandikia kwamba mambo ni mazuri, basi nimeona heri niugue, mgonjwa hurudishwa kwa heshima, ila sijui nichague kifua au moyo.

Mabruki wa Marijani

Marahaba, Mabruki. Pole kwa ugonjwa ambao bado hujauchagua. Kifua usikitumie, mpwa wangu ameshakitumia kukwepa shamba la kijiji, na wiki ileile tulimwona juu ya mnazi. Moyo nao mama yako atauitia mganga, na utakunywa vitu vitakavyokuuguza kwelikweli.

Mimi niliishia darasa la nne, nikalikaa miaka miwili, kwa hiyo kwa habari za shahada ya pili umempata mtaalamu. Mwaka wa kurudia niliketi na mdogo wangu Mwanahija, akiniazima raba yake ya kufutia mbele za watu. Aibu ilinila, lakini kugawanya nilijua.

Wewe unaona haya kukaa na watoto. Huko kwenu Jibondo maji ya kunywa huletwa kwa chombo cha baharini, kikichelewa mnalamba midomo, na sijasikia Mjibondo aliyejitia ugonjwa ili ahamie visimani kwetu Baleni. Watu wagumu namna hiyo wamezaa mtu anayekimbia penseli.

Na hilo jicho lako, acha kulisifu. Baba yako hachori hata mstari, lakini nimemwona akiupachika ubao mmoja, akautoa, akaupunguza, akaupachika tena, mara saba, na nyundo umeishika wewe. Nikamwambia, "Fundi, si unaona umekaa?" Akanijibu, "Naona mimi. Maji hayajaona." Sasa profesa wako ndiye maji.

Kesho kaa benchi la mbele. Katika hao wajukuu zako mtafute anayejua hesabu akufundishe, nawe umfundishe kutazama chombo, maana sidhani kama amewahi kushika randa. Jibu ukiliona, liandike pembeni, kisha lifuate hatua kwa hatua mpaka ulifikie, hata likikumalizia kurasa tatu. Na leo hii mwandikie mama yako kwamba umefeli mara mbili na hujafa. Maulidi hayaozi. Fanya haraka, kwa sababu jina lako nimelichapisha gazetini makusudi, na Ndugu Muhidini, balozi wenu wa nyumba kumi, humsomea gazeti kila asiyemwomba.

Ukifeli mara ya tatu, ushuke bandarini Kilindoni ukiwa mzima wa afya, useme umefeli, nasi tutakucheka. Ukifaulu tutakucheka vilevile, kwa hizo mvi ulizozipatia shule. Kucheka hatuachi. Lililo mikononi mwako ni kama tutamcheka mtu mwenye cheti au asiye nacho.