Siku Baba Alipoendesha Tornavia

Jumamosi, Mogitu. Manyunyu tangu alfajiri, na Mlima Hanang umefunikwa wote. Nimechoka, ila nataka kuandika leo leo, kabla sijaanza kujisimulia tofauti.

Wanaonisoma hapa wanajua napenda gemu za magari. Kwa wasiojua: nina duka la kuchapa na kutoa kopi pale Katesh, na nikirudi nyumbani nacheza mashindano kwenye kompyuta, kwa usukani wa mtumba nilionunua Arusha na kuufunga kwenye meza ya sebuleni kwa wazazi wangu. Nina miaka thelathini na kitu. Mama ameshaacha kuuliza.

Gari langu kwenye gemu linaitwa Tornavia. Hakuna kiwanda kilichowahi kulitengeneza. Waliotunga gemu wamelibuni wenyewe kwa kuiga magari ya mashindano ya zamani. Bodi lake ni refu na jembamba, limevimba katikati kama kibuyu cha maziwa kilicholazwa. Halina paa, halina madigadi. Matairi yote manne yako nje, peupe, na ukikaa pale pa dereva unayaona yale mawili ya mbele, moja kila upande, yakigeuka unavyokata usukani. Ni gari gumu. Ukikanyaga mafuta mapema kwenye kona, mkia unakutangulia.

Sasa habari ya Baba.

Baba ni dereva. Alishuka kutoka Mbulu akiwa kijana, akaja kuendesha matrekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Mashamba yalipouzwa akanunua pikapu, na kwa pikapu hiyo amebeba mahindi, vitunguu, wagonjwa na maharusi wa karibu kila kijiji cha huku. Mwaka huu alipata kiharusi kidogo. Mkono ulirudi, maneno yakarudi. Daktari alimwambia apumzike, asishike usukani mpaka apimwe tena. Baba alipumzika mpaka alipochoka kupumzika, na kwenye kipimo hakwenda.

Kesho mtoto wa shangazi anapata kipaimara kule Gendabi. Baba alishatangaza kwamba ataendesha mwenyewe: Mama mbele, majirani nyuma na watoto wao. Kaka yangu Safari, anayeishi Babati, alikuja wiki iliyopita akataka ufunguo ufichwe. Mama akasema hakuna atakayemficha mwenye nyumba kitu chake ndani ya nyumba yake. Baba alisikia. Tangu hapo simu za Safari hapokei.

Mimi nilinyamaza. Kila mmoja alidhani niko upande wake.

Leo nilifunga duka mapema kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nacheza, Mama anachambua maharage kwenye ungo, Baba akavuta kiti akakaa karibu. Akauliza gari hilo ni la kampuni gani. Nikamwambia halijawahi kuwepo, ni la kutunga. Akalitazama kwa muda, akasema kwa gari la uongo injini yake inalia kweli. Kisha akaniomba nimpishe.

Sikutegemea. Nikampisha.

Alianza polepole, kama mtu anayevuta plau. Baadaye mikono ikakumbuka kazi yake. Kona za kulia alizikata vizuri kuliko mimi: anapunguza mapema, anasubiri, anakanyaga akiwa ameshanyoosha. Mama alicheka. Nilikuwa sijamwona Baba na sura ile tangu augue, na nikajisemea kwamba Safari amekosea.

Halafu zikaja kona za kushoto. Akagonga ukuta. Mzunguko uliofuata akagonga tena palepale. Gari la njano likampita upande huohuo wa kushoto, na yeye akashtuka kuliona mbele yake, akauliza limetokea wapi. Nikasema labda usukani una tatizo. Nilijua hauna.

Nikasimamisha mchezo. Tornavia likabaki limetulia barabarani, tukilitazama kutoka pale pa dereva. Baba akainamia kioo, akalichunguza kama anavyochunguza kila gari kabla ya kulinunua.

"Hawa watu," akasema, "mbona wameliwekea gurudumu moja tu mbele?"

Mama aliacha kuchambua.

Nilitamani kujibu kitu kingine chochote. "Yako mawili, Baba," nikasema. "Geuza kichwa kidogo kushoto."

Akageuza. Taratibu, kidogo, kidogo tena, mpaka akalipata. Akarudisha kichwa, akageuza tena. Alifanya hivyo mara kadhaa. Kisha akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka magotini, akainuka na kwenda barazani.

Mama alinionyesha mlango kwa kidevu. Nikamfuata.

Alikuwa anaangalia mvua. Akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia nilikuwa nahofia tu, kujua nimejua leo pamoja naye. Akanikumbusha siku ile, baada ya kuugua, barabara ya Mogitu, alipokwangua mkokoteni wa punda wa jirani na kumfokea mwenye punda kwamba amejitokeza ghafla.

"Hakujitokeza," akasema. "Alikuwepo."

Nikasimama tu karibu naye.

Baadaye akasema kesho nitaendesha mimi, na Jumanne nimpeleke hospitali akapimwe macho. Alisema kwa sauti yake ya kawaida ya kupanga safari. Ila Safari nisimwambie, atamwambia mwenyewe.

Akapiga simu akiwa palepale. Hakuomba radhi, na Safari naye nadhani hakudai. Nilimsikia akisema, "Dada yako ndiye atakayeendesha. Wewe utakaa nyuma na majirani ushike watoto." Akakata. Akarudi ndani kuuliza kama chai ipo.

Nimekaa chumbani sasa. Sijui kama ninajisikia vibaya au nimepumua. Nadhani yote mawili. Nilitaka asiendeshe, na sasa haendeshi, na nimelia kidogo. Nikimfikiria yule mwenye punda, na watoto ambao wangekuwa nyuma ya pikapu kesho, machozi yanakauka.

Barabara ya Gendabi itakuwa matope matupu. Mama amekubali kupanda nyuma, Baba akae kiti cha mbele. Maana yake mimi nitakuwa kulia kwake, upande anaouona vizuri, na kila gia nitakayoikwaruza ataiona.

Ngoja nilale.