Ijumaa Tatu za Kunyamaza

Kwako Baba Kemunto,

Pokea salamu nyingi kama majani ya chai wakati wa mvua, zile mtu anachuna mpaka kikapu inakataa. Mguu yako inaendeleaje? Ile dawa ya kupaka unapaka ama umeweka kwa dirisha iangalie barabara? Na ng'ombe imezaa? Mimi huku Doha niko mzima kabisa, kazi ni ile ile ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, joto ni ile ile, na mdomo yangu pia ni ile ile, asante Mungu.

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu naanza na kitu hii namaliza na kitu ingine, wewe unasema "ee, ee" halafu bando inaisha. Na naandika Kiswahili kwa sababu Ekegusii ya kuandika sikufundishwa, mimi nilitoka shule darasa la nne. Mama Sarange wa Magwagwa anakuja nyumbani likizo, ndiye nimempa ailete. Usimwache akae sana, huyo ananishinda kuongea.

Sasa nisikilize. Unajua hii blogu yangu ilianza aje? Ni Mwanaidi, yule Mtanzania tunalala naye chumba moja. Kila jioni nilikuwa namwambia mambo ya kwetu Ikonge, nani amejenga, nani amehama kanisa kwa sababu ya kiti. Siku moja akaniambia, "Dada, mdomo wako hauna kufuli. Andika basi, na sisi tulale." Akanifungulia blogu kwa simu, akanionyesha pa kubonyeza.

Haki nilibonyeza! Siku moja naweka habari tatu, halafu mwezi mzima hakuna. Mwanaidi akanigombeza. "Wewe unamlisha mtu sahani tatu leo, halafu unamwacha na njaa mpaka mwezi mwandamo? Atakwenda kula kwa jirani!" Nikacheka, lakini nikakumbuka chai yetu ya kule chini mtoni. Ukichuna kwa zamu yake inakupa majani laini. Ukiiacha, inakuwa msitu hata mbuzi anakataa. Nikasema basi, hata hii nitaichuna kwa zamu. Jumapili nawapigia simu nyinyi wote nakusanya maneno. Nikipiga pasi najiongelesha hiyo habari mpaka ikae sawa, wale tunapiga nao pasi wananiona kichaa. Alhamisi naandika kwa daftari na kalamu. Ijumaa hatuendi kazi, naingiza kwa simu pole pole na kidole moja, na naiachilia kabla jua kuzama Sabato iingie. Miezi minne sikukosa hata Ijumaa moja. Mimi! Mtu hajawahi kumaliza hata kitambaa ya kufuma!

Na wewe ndiye uliniambia karani wa kituo cha majani ya chai anawasomea watu hiyo blogu kwa simu yake, kwa sauti, wakingoja lori. Ukaniambia hata Mzee, baba yako, anakaa hapo kwa jiwe amegeuka upande ingine, anajifanya anaangalia barabara, lakini karani akinyamaza yeye ndiye anauliza, "Imeisha?"

Baba Kemunto, hiyo ilinifurahisha sana. Tangu unioe, miaka ishirini na mbili, mimi na Mzee hatujawahi kusalimiana mkono. Ni ensoni, heshima ya mkwe, na mimi siivunji. Hata kwa simu hujawahi kunisikia nikiongea naye. Lakini nikawaza, huyu mzee sasa ananisikia kila Ijumaa, na heshima yake iko pale pale.

Halafu ikafika ile Ijumaa mbaya. Sikuwa na kitu. Jumapili mtandao ilikuwa imekataa, daftari ni tupu, na jua inashuka. Mtu akikosa mboga anachinja jogoo yake mwenyewe. Nikakumbuka ile uliniambia, na usikatae, ni wewe! Ile ya mzee mmoja alilala kanisani, wakati wa sadaka shemasi akamgusa bega, akaamka na sauti akidhani yuko kwa mizani ya majani, "Hiyo ni yangu! Kilo kumi na nne!"

Nikaandika. Jina sikutaja, nilisema tu "mzee mmoja anavaa gumbuti za mpira, moja nyeusi na moja ya kijani." Nikajiona mjanja, ati nimemficha. Kwani Ikonge nzima kuna miguu ngapi ya namna hiyo?

Ulivyonipigia nikasikia tu sauti yako, nikajua. Karani alisoma mpaka mwisho kabla hajaelewa. Watu wakacheka, mmoja akaita, "Kilo kumi na nne, sogea kwa mizani!" Mzee akabeba kikapu yake na majani ndani, haijapimwa, akarudi nayo nyumbani. Sabato hiyo hakuenda kanisani. Na akakutuma kwangu, "Mwambie mke wako mimi si sinema."

Nilifunga daftari. Nimemtukana mkwe wangu mbele ya kijiji, na siwezi hata kumpigia magoti niombe msamaha, kwa sababu hata hiyo ni kukosa heshima. Mwanaidi akauliza, "Leo huandiki?" Nikamwambia kidole inauma. Ijumaa ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Hata kazini nilinyamaza, msimamizi akanipima joto.

Halafu ukapiga simu Jumapili. Nataka nikuandikie vile ulinieleza, ndio nijue sikuota. Ulisema Mzee alikuja akasimama nje hapo kwa migomba, si unajua yeye haingii nyumba yetu, akakohoa mpaka ukatoka.

"Juzi pia hakukuwa na kitu?"

"Hakukuwa, baba."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Huyo mama tangu aje hapa sijasikia akimaliza siku mbili kimya. Na unaniambia si mgonjwa?"

"Baba, si ni wewe ulikasirika?"

"Kukasirika ni yangu. Kunyamaza nilimtuma?"

Halafu akaenda zake.

Nilikaa chini kwa mashuka nikalia, Baba Kemunto. Kumbe huyo mzee hakuwa anangoja umbea. Alikuwa anangoja ajue niko mzima, na hakuna njia ingine anaweza kuuliza.

Basi nimeanza tena. Sasa habari mbili zinakaa kwa daftari kama akiba, ndio njaa ya Ijumaa isinifanye nile mtu wangu. Na mtu nikimwandika namuuliza kwanza. Ya wiki hii ni juu ya vile Mzee alipanda chai ya kwanza hapo kwetu, na wale waliomcheka sasa wanaomba miche kwake. Ni wewe uliniambia zamani. Muulize kama ninaweza. Akisema hapana nitaweka ile Mwanaidi alinipa ya kuku wa kwao.

Nimempa Mama Sarange gumbuti mpya za Mzee, zote mbili nyeusi. Mpe wewe kama zimetoka kwako. Akikataa usimlazimishe.

Nisalimie mama yako mzazi, mwambie ile leso anavaa kwa picha imempendeza. Salamu kwa Kemunto wetu na mume wake, na dada yako wa Itumbe aliyenifundisha kuchuna bila kuvunja matawi. Karani pia, mwambie sina kinyongo, lakini awe anasoma kimya kwanza.

Na kitu moja ya mwisho. Mzee akikubali, Ijumaa hii usimwache karani asome. Azima simu yake usome wewe, hapo nje kwa migomba, kabla jua kuzama. Nipigie kwanza, halafu weka simu yako kwa mfuko ya shati na usikate. Usimwambie niko. Mimi sitasema neno hata moja, naapa. Nataka tu nisikie akiuliza, "Imeisha?"

Ni mimi wako wa kelele,
Mama Kemunto